Likizo Fupi Haingoji Jua

Leo nina jambo moja la kukuzungumzia, nalo ni likizo ya familia. Hapa Macquarie Fields, na katika vitongoji jirani vya kusini-magharibi mwa Sydney, ziko nyumba zinazozungumza Kiswahili cha Kivu, cha Bujumbura, cha Kigoma na cha Mombasa. Katika nyumba hizo likizo hupangwa kwa namna moja: tulipe madeni kwanza, tuweke akiba, na Mungu akijalia siku moja wote tutapanda ndege kwenda nyumbani. Siku hiyo hukawia. Inapokawia, likizo za shule, ambazo katika jimbo la New South Wales huja mara nne kwa mwaka, hupita sebuleni kati ya televisheni na simu, na safari ya mbali kabisa huwa ni kwenda maduka ya Glenquarie kununua mkate. Mimi nasema hesabu hiyo ina kasoro. Safari ya siku moja au mbili kwenda pwani ya karibu, hata pwani yenye mvua na miamba myeusi ya volkano, inaipa familia kitu ambacho ile safari kubwa haiwezi kutoa, wala haina sababu ya kungojea jua litoke au mfuko ujae.

Huenda unauliza volkano imeingiaje hapa. Ni kwamba ukitafuta katika jimbo letu pwani iliyozaliwa na moto, kuna mahali pawili panapofaa kulinganishwa. Pa kwanza ni kisiwa cha Lord Howe, kilichoko katika Bahari ya Tasman, karibu saa mbili kwa ndege kutoka Sydney. Ni mabaki ya volkano iliyolipuka kama miaka milioni 7 iliyopita, chenye mlima Gower wa mita 875 ambao kilele chake mara nyingi huwa na wingu, na tangu mwaka 1982 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni pazuri mno. Lakini wageni wanaoruhusiwa kulala huko kwa wakati mmoja hawazidi 400, ndege zake ni ndogo, na nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi hupita dola 1,000 kwa mtu. Familia ya watu sita ikishalipa nauli hiyo, haijala wala haijalala. Pa pili ni Kiama, kusini mwa Wollongong, kama kilomita 100 kwa gari kutoka Macquarie Fields. Kiama si kisiwa, nakubali, ila miamba yake ilimwagwa na volkano zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, bahari inaipiga vilevile, na mvua inainyeshea vilevile. Aliyeyafuata mawe na mawimbi atayapata kwa nauli ya treni. Kwa mwenye watoto wanne na shifti ya usiku, mimi sioni kwamba hapo kuna la kujadili.

Ngoja nieleze kidogo mtu anaona nini huko, maana wengi wamepita Kiama wakatazama tundu moja na kurudi. Tundu hilo ni Kiama Blowhole, pango lililochimbwa na bahari ndani ya mwamba wa volkano; wimbi likiingia kwa nguvu, hewa hubanwa nyuma yake, kisha maji hufyatuka juu kwa kishindo kinachosikika mbali. Wadharawal, wenyeji wa pwani hiyo, walilijua tangu kale. Mwingereza George Bass aliliandika Desemba 1797 alipopita na mashua ya kuvulia nyangumi. Kituo kimoja kabla ya Kiama, kwenye rasi ya Bombo, kuna kitu ambacho kwa maoni yangu kinalishinda tundu hilo. Ni machimbo ya zamani ya mawe. Lava ilipopoa taratibu ilisinyaa, na kwa kusinyaa ikapasuka nyufa zilizokwenda chini wima, zikaacha nguzo zenye pande tano au sita, zimesimama bega kwa bega kana kwamba fundi mwashi alizichonga. Tangu miaka ya 1880 wachimbaji walizivunja nguzo hizo kupata kokoto ngumu za rangi ya buluu, zikasafirishwa Sydney kutengeneza barabara na njia za tramu. Walikula katikati, wakaacha ukuta wa nje unaotazama bahari, na hadi leo mawimbi yanaupanda ukuta huo na kumwagika upande wa pili. Mtoto akiweka kiganja juu ya nguzo moja ataona kwamba upana wake unamzidi, na kwamba kila ufa umenyooka. Hilo darasani hulipati, hata kwa picha.

Sasa tuitazame ile safari kubwa. Watu huiita likizo, lakini tukisema kweli, mtu anayekwenda nyumbani baada ya miaka minane haendi kupumzika. Anakwenda kuzuru makaburi, kumalizia ukuta wa nyumba, kusuluhisha ugomvi wa shamba, kuhudhuria harusi iliyoahirishwa kwa ajili yake, na kugawa alichobeba mpaka sanduku libaki tupu. Wangazija wa Komoro wanajua jambo hili kuliko wote. Kila Julai na Agosti ndugu zao waishio Ufaransa hurudi kisiwani kwa ajili ya ile harusi kubwa ya kimila, na gharama yake inajulikana kwa kumrudisha mtu kazini akiwa na madeni mapya. Hakuna anayesema heshima hiyo ni ya bure. Ninachosema ni kwamba ni wajibu, na wajibu hauwezi kuwa likizo kwa sababu tu umefanyika mwezi wa likizo. Tena kwa wengine safari yenyewe imefungwa. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa; familia iliyokuwa ikiweka akiba ya kwenda Goma inamwambia nini mtoto wa miaka tisa, asubiri mpaka lini? Utoto wake haumngoji mtu.

Wapo watakaosema safari fupi za familia ni mambo ya Wazungu, sisi hatukulelewa hivyo. Si kweli, au tuseme ilikuwa kweli pale ambapo usafiri ulikuwa taabu. Treni ya Madaraka Express ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa Juni 2017, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Likizo za shule na sikukuu tiketi zikawa za kugombaniwa. Waliozigombania walikuwa kina baba, kina mama na watoto wao, wenye vikapu vya chakula, wanaokwenda kukanyaga mchanga wa pwani siku mbili tatu na kurudi. Nauli imepanda tangu wakati huo, ikafika shilingi 1,500 Januari 2024, na watu bado wanapanda. Tabia ilikuwapo, njia ndiyo iliyokosekana. Sisi hapa Macquarie Fields njia tunayo, reli inapita hapahapa kwetu.

Hapo tunafika kwenye pesa, na hili ndilo pingamizi zito. Mama yuko Uvira anangoja pesa za dawa, nawe unasema twende tukatazame mawe? Tufanye hesabu basi. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na siku za sikukuu, kadi ya Opal ina kikomo cha nauli cha siku nzima. Kwa nauli za mwaka 2025 kikomo hicho hakikufika dola 10 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 15 hulipa kama nusu yake. Wa chini ya miaka 4 halipi kitu. Kwa nauli hizo, watu wazima wawili na watoto wanne watakwenda mpaka Kiama na kurudi bila kufikisha dola 40, mradi kila mtoto awe na kadi yake ya mtoto, maana kadi ya mtu mzima hutoza nauli ya mtu mzima. Chakula kitoke nyumbani: chapati, maharage, kuku aliyekwisha pikwa, chai kwenye chupa. Mabwawa mawili ya kuogelea yaliyojengwa miambani Kiama, la Blowhole Point na lile liitwalo Continental, hayana kiingilio. Gharama yenyewe iko mahali pengine, na wapingaji hawaitaji: ni shifti. Mwajiriwa wa kudumu hapa Australia ana wiki nne za likizo yenye malipo kila mwaka. Kibarua wa ghala au wa nyumba ya wazee, yule anayeitwa kazini kwa ujumbe wa simu, hana hata siku moja. Akipumzika Jumapili, anapoteza malipo ya Jumapili ambayo ndiyo bora ya wiki nzima. Kwake siku ya Kiama haigharimu dola 40, inagharimu mia kadhaa. Huyo simlaumu, wala simwambii aache kazi. Namwambia achague siku ambayo hakuitwa, kwa kuwa siku hizo zipo, na mara nyingi ndizo zinazopotelea kitandani na kwenye simu. Safari kubwa haiwezi kutoshea katika siku hizo. Safari ndogo inatoshea, na ndiyo maana naitetea.

Mvua je? Hapa wenzetu wengi huahirisha. Wanatazama simu, wanaona wingu lenye matone juu ya jina la Wollongong, wanasema basi, wiki ijayo. Ukifuata desturi hiyo, pwani hii ya Wollongong na Kiama, iitwayo Illawarra, hutaiona, na sababu iko katika umbo la nchi. Nyuma ya ufukwe umesimama ukuta wa milima, na kwenye mlima Keira, juu ya Wollongong, unapita mita 450. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Tasman ukiugonga hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa humwaga maji. Sisi tuko nyuma ya ukuta huo, kwa hiyo Campbelltown karibu nasi inaweza kuwa kavu huku Kiama inanyesha. Miezi ya mvua nyingi huko ni kuanzia Februari mpaka Juni, yaani likizo ya shule ya Aprili iko katikati yake. Anayengoja Aprili kavu atangoja sana. Tena si lazima kungoja, kwa sababu mvua ya namna hii mara nyingi huja kwa vipindi, saa moja inamwaga, saa inayofuata mawingu yamepasuka. Watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki hawajawahi kuiogopa mvua kiasi hicho. Ngazidja, kisiwa cha wale Wangazija, chini ya mlima Karthala, mvua ni kubwa lakini kisiwa hakina mto wa kudumu hata mmoja, kwani jiwe la lava lina matundu na maji yote huzama. Ndiyo maana nyumba zina matangi ya kukingia mvua kutoka paani, na mvua ikinyesha watu hufurahi. Unguja nako bei za hoteli hushuka masika, na wenye akili ya biashara huenda wakati huo. Hata hapa, nje ya msimu wa jua, vyumba vya pwani hupungua bei, kwa yule anayetaka kulala.

Kuna faida nyingine ya mvua ambayo watu hawaifikirii. Karibu na nyumbani tuna Simmos Beach, mchanga mweupe kando ya mto Georges, ndani ya Macquarie Fields yenyewe. Nani asiipende? Lakini wataalamu wa maji wa jimbo wanashauri watu wasiogelee mitoni na kwenye hori mpaka siku tatu zipite baada ya mvua kubwa, kwa sababu mifereji ya barabarani humwaga uchafu humo. Kwa fukwe za bahari wazi ushauri wao ni siku moja. Basi juma la mvua ndilo hasa linalotufaa kwenda mbali kidogo na mto wetu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la usalama, na hapa sitaki kupita haraka. Bahari ya Kiama inaua. Mwaka 1992 watu 7 walizolewa na mawimbi kwenye miamba ya Blowhole wakafa. Hill 60 kule Port Kembla, mahali panapopendwa na wavuvi wa miambani, watu wamekufa tena na tena, wengi wao wageni wa nchi hii waliodhani wanaifahamu bahari. Ni hatari yenye ujanja: jiwe linakuwa kavu nusu saa nzima, mtu anaona hapa hapafikiwi, halafu linakuja wimbi moja kubwa kuliko ndugu zake. Sheria ya jimbo ya mwaka 2016 inamlazimisha anayevua miambani avae jaketi okozi katika maeneo yaliyotangazwa, na mimi ningemvalisha hata pasipotangazwa. Aliyekulia Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu anajua kuogelea kwenye maji yasiyo na mkondo wa bahari unaovuta kutoka ufukweni kwenda kilindini. Aliyekulia Mombasa au Unguja amezoea bahari iliyokingwa na matumbawe. Maarifa hayo hapa hayatoshi. Kwa hiyo, kaeni ndani ya uzio wa Blowhole, na msiuvuke hata kwa picha. Bombo, bahari ikichafuka, tazameni nguzo kutoka upande wa nchi kavu. Kuogelea, kati ya bendera za rangi nyekundu na njano tu, na nje ya msimu ambapo waokoaji hawapo, msiogelee baharini. Yapo yale mabwawa, na hayo nayo mawimbi yakianza kuyafunika tokeni. Lakini angalia hoja hii inatupeleka wapi. Watoto wetu watakwenda baharini tu, leo na sisi au kesho na marafiki wa shule wakiwa na miaka 16. Anayewanyima safari ya kwanza pamoja na wazazi hawaepushi na maji, anaahirisha tu siku watakayokutana nayo bila mtu mzima.

Limebaki pingamizi moja, na wenye nalo hawalisemi kwa sauti. Kwa mtu wa Goma, volkano haitazamwi kwa starehe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo iliupasua mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na maduka ya katikati, ikaingia ziwani, na watu kwa mamia ya maelfu wakavuka mpaka kukimbilia Gisenyi kwa miguu. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi usiku, ikashuka tena; ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, makumi ya watu wakiwa wamekufa, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu ya mji ihamwe kwa hofu ya mlipuko mwingine. Anayeyabeba hayo asilazimishwe kusimama mbele ya jiwe jeusi ili watoto wapige picha. Ila nakumbusha kwamba watu wa Goma wenyewe hawakuikimbia lava milele: waliivunja, wakajengea kuta za nyumba zao kwa mawe hayohayo, na karibu na mji huo kisiwa kidogo cha Tchegera, ambacho ni ukingo wa kreta ya volkano uliochomoza katika Ziwa Kivu, kilifanywa kambi ya wageni ya Hifadhi ya Virunga. Majirani zetu Wasamoa hapa mtaani wana habari kama hiyo. Mlima Matavanu wa kisiwa cha Savai'i ulitoa lava kuanzia mwaka 1905 hadi 1911, ukafukia vijiji, na magofu ya kanisa la Saleaula, lava ikiwa imeganda ndani yake, yanatembelewa hadi leo na wajukuu wa waliohama. Moto wa Kiama ulizimika kabla hata ya kuwapo mtu duniani. Mzazi akitaka kumwambia mwanawe alikotoka, hapo Bombo ana mahali pa kuanzia. Asipotaka, basi ni mawe na bahari, na hilo pia linatosha kwa Jumamosi moja.

Nimalizie na mambo ya njia, maana mengine huharibikia hapo. Kwa treni ni karibu saa tatu kutoka kituo cha Macquarie Fields, kwa kubadilisha Wolli Creek au Central. Mkielekea kusini kaeni upande wa kushoto, kwa sababu baada ya msitu wa Waterfall reli inashuka na bahari inatokea upande huo. Kwa gari, barabara ya Appin ina sifa mbaya ya ajali, na ikilowa mwendo upungue. Mwisho wa wiki reli hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo na mabasi kuchukua nafasi ya treni, kwa hiyo tazama ratiba Ijumaa jioni kabla hujawaambia watoto. Mpe kila mmoja koti la mvua, kwani mwavuli haustahimili upepo wa pale, na jozi moja ya soksi kavu ya kurudi nayo.